Watatu Ndani ya Namba ya Nyamizi

Uliangalia ndoo yako. Usikatae. Siku ile taa ilipowaka nyekundu kwa bibi aliyekuwa mbele yako langoni, akakifuta kibati chake kwa upindo wa kanga na kukiweka tena juu ya kioo, kisha tena, wewe uliinama ukajifanya unakaza mfuniko. Kuanzia Manyoni mpaka Nzega hakuna makazi yasiyo na bibi kama huyo, na hakuna foleni isiyo na watu wa kukaza mifuniko. Ulijiambia mambo ya namba ni ya waliosoma. Ulijiambia mashine haina chuki na mtu. Haya, kaa hapo hapo ulipo usikie habari za Kalunde, mlinda lango wa Isenga Mpya, mwanamke aliyeishia darasa la nne na aliyeijua namba kuliko Idara nzima ya Ugawaji. Husimuliwi ili umwonee huruma.

*

Jumatano ya wiki ya tatu tangu wazee wapumzishwe, Kalunde alifungua lango saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Watu walisogea mmoja mmoja, kila mtu na kibati chake shingoni, kipande cha chuma kilichogongwa namba. Mtu akifika anakilaza kwenye kioo. Mashine inachukua Namba Kuu ya makazi, yenye tarakimu elfu kumi na ushee, inaigawa kwa namba ya kibati. Pasipobaki kitu, taa ya kijani, na bomba linashusha lita ishirini. Kikibaki chochote, hata moja tu, nyekundu, na aliye nyuma yako anaanza kukusukuma kwa ndoo.

Namba Kuu ilikuwa ni watu wenyewe, wamezidishwa. Kila mkazi alipewa namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, na hakuna wawili waliopewa moja. Namba zote zikazidishwa pamoja, zikawa namba moja ndefu kama ukuta. Kama umo, umo. Kukutoa, wanaigawa Namba Kuu kwa namba yako mara moja, basi, kesho yake bomba halikutambui. Idara ilijivunia sana mpango huu. Hakuna daftari la majina, walisema, hakuna picha, hakuna siri ya mtu itakayovuja. Tulipiga makofi mikutanoni. Hakuna aliyesimama kuuliza mtu ambaye hakuandikwa popote, siku akifutwa, ataonyesha nini.

Waanzilishi wa Isenga Mpya walikuwa mia mbili. Ndio waliolichimba bwawa kwa majembe kabla Idara haijazaliwa, na ndio waliopewa namba ndogo: wa kwanza mbili, wa pili tatu, halafu tano, saba, kumi na moja, mpaka wa mia mbili akapata 1,223. Waliokuja baadaye walipewa namba za tarakimu tisa, kwa kuwa ndogo ni rahisi kubahatisha. Walipoikabidhi Idara bwawa lao, wazee waliweka sharti moja: Namba Kuu isigawanywe kamwe kwa ufunguo wa mkaguzi peke yake, lazima na kiganja cha mlinda lango, na mlinda lango achaguliwe na wakazi. Walilipigania sharti hilo siku nne. Baadaye kila mtu alilisahau, wakiwemo walinda lango.

Kisha ikaja amri kwamba aliyepita miaka sabini apumzishwe. Neno lenyewe ni hilo, kupumzishwa, kana kwamba walikuwa wameomba likizo. Waanzilishi walikuwa wamebaki arobaini. Mkaguzi alifika, akasema kuna marekebisho, akazungusha ufunguo, akamwomba Kalunde kiganja. Kalunde akampa. Namba Kuu ikagawanywa mara arobaini kabla birika la chai halijachemka, ikapungua tarakimu kama mia na kumi. Kiganja cha Kalunde kilipotoka kwenye mashine kilikuwa na joto kidogo. Hilo ndilo alilolikumbuka.

Asubuhi iliyofuata wazee thelathini na saba waliwashiwa nyekundu. Watatu waliwashiwa kijani.

Hakuna aliyejua kwa nini. Walokole walisema ni maombi. Wengine walimtazama Kalunde kwa jicho la kumkonyeza, naye hakuwa amefanya lolote. Mzee Lubeja, namba 307. Bibi Nyanzobe, 613. Mzee Shigela, 919. Kila siku walipanga foleni kama wengine, wakachota lita zao ishirini kila mmoja, wakazipeleka kwenye banda la zamani la pamba walikokusanyika wazee wote. Lita sitini kwa watu arobaini. Lita moja na nusu kwa mtu, ya kunywa na ya uji. Wiki ya kwanza jamaa walileta vidumu vya nyongeza. Wiki ya tatu, joto lilipozidi, vilikuwa vinafika viwili kwa siku, na kimoja kikiwa nusu. Kwa hiyo arobaini wote walikuwa wanaishi kwa zile sitini.

Jumatano hiyo Mzee Shigela alilaza kibati chake, kijani kikawaka, akamgeukia Kalunde.

"Mlinda lango, mimi ni maiti wa wiki ya tatu. Huoni aibu kumpa maiti maji?"

"Sijapata kuona maiti anayedai ndoo ijae mpaka ukingoni."

"Maiti ana safari ndefu," alisema Shigela, akainyanyua ndoo kwa mikono miwili, akaondoka akipepesuka. Watu walicheka kidogo. Kalunde alimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kona ya banda, kwa sababu siku hizo ilibidi uhakikishe mtu amefika.

*

Mkaguzi Chilongani alifika saa nne, kwenye pikipiki ya jua, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa Mgogo wa Bahi na Kalunde ni Mnyamwezi, kwa hiyo hawakuweza kuanza kazi bila kutupiana maneno ya utani.

"Mnyamwezi, kumbe bado upo? Nilishatenga ng'ombe wa matanga yako."

"Ng'ombe mwenyewe wa kuazima," Kalunde alijibu, akamkaribisha kwenye kibanda na kumpa kigoda chenye mguu mbovu.

Chilongani alikinywa kikombe cha maji alichopewa, akakipindua kuonyesha kimekwisha, halafu uso wake ukabadilika. Akaeleza kwamba makao makuu wameona maji ya Isenga Mpya yanazidi hesabu ya watu. Kila siku lita sitini, hazipungui hazizidi. Alidhani bomba linavuja. Bomba bovu linavuja bila mpangilio, alisema, lakini hili linavuja kwa adabu. Akafungua kumbukumbu za mashine na kuvikuta vibati vitatu.

Kalunde alisema hajui sababu, na wakati ule ilikuwa kweli.

Mkaguzi alimwamini. Alikuwa mtu wa kawaida, hakuwa mkali, na ndiyo maana waliendelea kumtuma. Akasema atalala makazi ya jirani, arudi kesho saa sita mchana. Namba Kuu itagawanywa upya, kwa 307, kwa 613, na kwa 919, yaishe. Kiganja cha Kalunde kitahitajika. Na atahitaji pia maelezo mafupi ya maandishi ya sababu, kwa kuwa mashine haiwezi kukosea na wakubwa hawapendi jambo lisilo na sababu.

"Wewe una kichwa cha hesabu," alisema akipanda pikipiki. "Nitafutie."

*

Kalunde alipiga hesabu kwenye ungo. Alifundishwa hivyo na Bibi Nyanzobe alipokuwa binti, wakati daftari lilikuwa adimu: unatandaza unga wa mtama kwenye ungo, unaandika kwa kidole, ukimaliza unatikisa na namba inapotea, na unga unapikwa jioni. Walinda lango wengine walikuwa na vikokotoo. Yeye alisema kikokotoo kinakupa jibu kabla hujaelewa ulichouliza.

Alikaa nje ya mlango wake baada ya chakula cha mchana. Ndani, binti yake Nyamizi alikuwa anambembeleza mtoto wa miezi mitano, ambaye hakuwa na namba na hatapata, kwa kuwa usajili wa Isenga Mpya ulifungwa zamani. Alinyonya, na mama yake alikunywa kwa ajili ya wawili.

Kalunde alianza na jambo alilokuwa na uhakika nalo. Namba Kuu iligawanywa kwa 307, na Lubeja alikuwemo mara moja tu. Basi 307 haimo tena. Lakini bado inagawanyika kwa 307. Kwa hiyo kuna namba nyingine, ya mkazi mwingine, yenye 307 tumboni. Na hilo haliwezekani, kwa sababu namba ya kila mkazi ni tasa, imepimwa, ina muhuri. Hakuna mtu anayeweza kumbeba mwenzake ndani ya namba tasa.

Labda haikuwa tasa.

Aliwaza, kama ni hivyo, huenda wote watatu wamebebwa na mtu mmoja. Ingekuwa namba gani? Hakutegemea kuijua. Alitaka tu kuona ukubwa wake, apate pa kuanzia kutafuta katika vibati elfu moja na mia mbili. Akaandika kwenye unga: 307 mara 613. Mia tatu na saba mara mia sita, 184,200. Mara kumi na tatu, 3,991. Jumla 188,191. Akatikisa ungo. Akazidisha kwa 919. Mara mia tisa, 169,371,900. Mara kumi na tisa, 3,575,629. Akajumlisha kuanzia kulia, tarakimu moja moja, tisa, mbili, tano, na alipofika ya saba mkono wake ukaanza kuandika peke yake, kabla hajajumlisha.

172,947,529.

Aliifahamu. Aliifundisha yeye mwenyewe, kwa wimbo, akisuka nywele za mtoto wa miaka kumi, ili hata kibati kikipotea mtoto asipotee. *Moja saba mbili, tisa nne saba, tano mbili tisa.* Nyamizi aliimba mpaka majirani wakaomba apumzike.

Alikumbuka na siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mwisho ya usajili. Karani alikuwa na watu mia nne wa kumaliza kabla jua halijazama na mashine yake ya jua ilikuwa imechoka. Lilikuwepo jaribio refu, la kuigawa namba kwa kila namba ndogo moja baada ya nyingine mpaka uridhike. Lilichukua dakika kadhaa kwa mtu mmoja. Karani akatumia lile la haraka. Unachukua mbili, unaizidisha kwa yenyewe mara nyingi sawa na namba unayoipima, halafu unagawa kwa namba hiyo hiyo. Ikibaki mbili, unasema namba ni tasa, mpe mtu, anayefuata. Karibu kila mara jibu ni la kweli. Lakini zipo namba chache zinazogawanyika vizuri kabisa na bado zinajibu jaribio hilo kama tasa. Chini ya bilioni moja zipo elfu tano mia tano tisini na saba tu, zimetawanyika kati ya namba tasa zaidi ya milioni hamsini. Mtu mmoja katika karibu elfu tisa. Makazi yetu yakiwa mengi namna hii, lazima wawepo. Karani alijua. Wote walijua. Waliona ni wachache, na foleni ilikuwa ndefu.

Kalunde alizitazama zile tatu kwa mara nyingine. Alipunguza moja kwa kila moja, akapata 306, 612, 918. Ya pili ni mara mbili ya kwanza, ya tatu ni mara tatu. Zilikuwa zimepangana kama ngazi. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifurahi. Ilikuwa hesabu nzuri kuliko zote alizowahi kuziona.

Halafu akaelewa kitakachotokea kesho saa sita. Ndani ya Namba Kuu hawakuwepo wazee watatu na binti mmoja. Kilikuwepo kitu kimoja. Ukiitoa 307, Nyamizi anabaki vipande, taa yake inawaka nyekundu. Ukiitoa 613 peke yake, vivyo hivyo. Namba ina njia moja tu ya kuvunjika katika tasa zake, haina ya pili, hata ukiomba, hata ukilia. Hakuna namna ya kumgusa mzee mmoja bila kumkata Nyamizi, na aliyemkata Nyamizi amemkata na anayenyonya.

Ndani, mtoto alinyamaza. Nyamizi alitoka akauliza kama unga umekwisha kutumika, apike. Kalunde akatikisa ungo, akampa.

*

Asubuhi alikwenda banda la pamba. Wazee walikuwa wamelala upande wa kivuli, wengine wameweka vitambaa vyenye maji midomoni. Bibi Nyanzobe alikuwa macho. Kalunde alimpa shikamoo, akachuchumaa, akamweleza yote kwa sauti ya chini, akiandika kwa kidole kwenye vumbi.

Nyanzobe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo lilelile ambalo mzee yeyote angelisema.

"Basi nitoeni mimi. Nimeshakula miaka themanini na moja. Watakaobaki wamuache mtoto."

Kalunde akarudia kwenye vumbi. Ukitoa 613, kinachobaki ni 307 mara 919, na hiyo siyo namba ya Nyamizi. Kujitoa kwake hakusaidii mtu. Nyanzobe aliyatazama maandishi muda mrefu, akiyafuata kwa ncha ya fimbo. Alikuwa mwalimu wake. Hakuhitaji kuambiwa mara ya tatu.

"Kumbe ni yeye aliyetubeba," alisema. "Miaka kumi na miwili, na kitoto kile hakijui." Akacheka bila sauti, mpaka akakohoa.

Kisha akamshika Kalunde mkono na kumwambia aende akaseme. Aite foleni nzima, aandike hesabu hii mahali kila mtu aione, aseme mkaguzi anataka nini na kwamba hawezi bila kiganja. Akamkumbusha jinsi bwawa lilivyochimbwa: hakuna jembe lililoinuliwa asubuhi kabla watu hawajakaa na kila mmoja hajasema lake, hata mvivu, hata mgonjwa. Walipoteza saa nzima kila siku kwa maneno, na bwawa likaisha kabla ya mvua.

"Wakikataa, watakuwa wamekataa kwa midomo yao," alisema Nyanzobe. "Usiwajibie."

Kalunde aliitikia, ndiyo bibi. Akatoka. Foleni ilikuwa pale pale, watu mia sita na zaidi, saa mbili asubuhi. Aliwapita mmoja mmoja. Aliyafahamu majina yao yote na namba zao zote. Alimwona aliyepeleka kidumu wiki ya kwanza tu. Alimwona mwenye mapacha wagonjwa. Alimwona yule aliyekuwa anasema hadharani kwamba wazee walishakunywa zamu yao. Akawajibia. Kichwani mwake, akitembea, aliwauliza na kuwajibia wote, na kila jibu lilikuwa hapana. Akaingia kibandani akafunga mlango.

*

Chilongani alifika saa sita kasoro. Kalunde alimwambia kila kitu. Alikuwa amejiambia kwamba akiambiwa tu kuna mwanamke anayenyonyesha, mkaguzi ataziacha zile lita sitini ziende zake.

Mkaguzi alielewa upesi. Alitoa kikokotoo, akazidisha, akaitazama namba. Hakukuwa na utani tena. Akasema polepole kwamba kosa ni la Idara, na Idara italirekebisha: anayo ruhusa ya kufungua usajili kwa mtu mmoja, hapa hapa, leo. Nyamizi atapata namba mpya, itapimwa kwa jaribio refu mbele ya macho ya Kalunde. Kisha ile ya zamani itagawanywa itoke, na wote waliokuwa ndani yake.

"Na kama nikikataa kiganja?"

"Nitaandika kwamba Isenga Mpya haina mlinda lango. Lango litafungwa mpaka mchague mwingine."

"Na huyo mwingine naye akikataa?"

"Litabaki limefungwa." Aliivua kofia yake, akaigeuzageuza. "Mama Nyamizi, mama yangu alipumzishwa mwezi wa tano, kule Bahi. Mlinda lango wa kule alitoa kiganja. Sikumlaumu. Watu elfu moja na mia mbili watakaa na kiu siku ngapi kwa ajili ya wazee arobaini? Nitajie. Siku tatu? Ya nne watakuja kukutoa humu kwa mawe."

Kalunde alisikia foleni nje. Mtu alikuwa anamtania mwenzake kuhusu ndoo iliyotoboka, wakacheka. Ilikuwa hatua kumi kutoka pale alipoketi mpaka mlangoni. Angeweza kuufungua na kuuliza. Angeweza kumwita Nyamizi, nyumba yake ya tatu kutoka pale. Mkaguzi asingemzuia. Alikwishasema ana muda mpaka saa tisa.

Hakuufungua. Alisema, "Pima kwanza hiyo namba mpya."

Wakaipima. Ilichukua dakika saba. Ilikuwa tasa kweli, safi, isiyo na mtu mwingine ndani yake. Kalunde aliikagua na yeye, sehemu kwa sehemu, kwa kuwa hakuamini kazi ya mtu. Kisha akaweka kiganja.

*

Nyamizi alipewa kibati kipya jioni, akaambiwa cha zamani kilikuwa na hitilafu. Kesho yake kiliwaka kijani. Mbele yake kidogo Mzee Lubeja alikuwa amesimama kando ya kioo na ndoo tupu, na Mzee Shigela nyuma yake hakuwa na la kuchekesha.

Walikwenda haraka. Wa kwanza alikufa siku ya nne, Bi Kabula, namba 41, aliyepima mstari wa ukuta wa bwawa kwa kamba ya katani. Siku ya tano wawili. Jamaa walileta vidumu tena, wengi kuliko mwanzo, kwa siku mbili tatu, kisha watoto wao wenyewe wakaanza kuharisha na vidumu vikakoma. Nyamizi alipeleka nusu ya maji yake kila siku mpaka maziwa yakaanza kumkauka. Lubeja siku ya tisa. Shigela siku ya kumi na moja. Kufikia siku ya kumi na sita walibaki wanne, na Namba Kuu iliyoonyeshwa ukutani haikupungua hata tarakimu moja kwa ajili ya kufa kwao, maana kwa hesabu ya Idara walikuwa wamekwisha toka zamani.

Bibi Nyanzobe hakumlaumu Kalunde. Ila siku yake ya mwisho alimwita Nyamizi, akamweleza yaliyokuwa ndani ya namba yake, kwa sababu aliona ni haki ya mtu kujua amembeba nani.

Nyamizi alirudi nyumbani, akamkuta mama yake ameketi na ungo mtupu mapajani. Hakupiga kelele. Aliketi mkabala naye, akamweka mtoto titi la kushoto, halafu la kulia.

"Ungeniuliza," alisema.

Kalunde alisema alifanya kwa ajili yake na mtoto.

"Najua. Na ungeniuliza labda ningesema hivyo hivyo, mwanangu kwanza. Labda. Sijui, na sitajua tena. Hukuniuliza mimi. Hukumuuliza mtu hata mmoja, mama, na walikuwa pale nje."

Ukifika Isenga Mpya utamkuta Kalunde kazini, anafungua lango saa kumi na mbili na nusu, na watu hawamtupii mawe wala hawamsemeshi.

Sasa wewe. Idara imejifunza. Mashine ya jaribio refu imeshapakiwa, inatoka makazi hata makazi, inazipasua namba zenu za tarakimu tisa kutafuta wazee waliojificha ndani, na wapo, kwenu pia wapo, kuna mtu pale kwenu amembeba mtu na hajui. Ufunguo wa mkaguzi haugeuki bila kiganja cha mtu mliyemchagua nyinyi. Sharti lile bado liko kwenye makubaliano, halijafutwa. Usingoje mkutano uitishwe. Inuka hapo ulipo, nenda kwa mlinda lango wako sasa hivi, mchana huu, mbele ya foleni nzima, umwambie kwa sauti kwamba hana ruhusa ya kukujibia. Mwambie kiganja kikae mfukoni, na lango likifungwa, kiu tutaigawana sote. Halafu geuka umuulize aliye nyuma yako kama na yeye anasema hivyo. Muulize leo. Mkaguzi yuko njiani.